Mchina wa Msimu wa Uchaguzi

Gilbert Moy alizaliwa Toledo, Ohio, akasoma Toledo, akaoa Toledo, na nguvu zake zote akazimalizia mbele ya tanuri la kiwanda cha vioo, Toledo hiyo hiyo. China hajawahi kutia mguu. Kichina chake kinaishia kwenye majina ya vyakula, na hata hayo marehemu mkewe, Mpolandi wa watu, aliyatamka vizuri kumshinda.

Lakini kila uchaguzi ukikaribia, wakubwa walimhitaji awe Mchina. Wapiga picha wa kampeni walimvika suti nyeusi, wakamkalisha nyuma ya meza kubwa chini ya taa nyekundu, wakamwambia acheke. Acheke tu, asiseme kitu. Maneno ya kutisha na mlio wa kengele ya shaba vingewekwa baadaye. Chama kimoja kikimtumia kuonyesha kwamba wapinzani wameiuza nchi kwa China, uchaguzi unaofuata kile kingine kinamwita kwa kazi ile ile, na suti ile ile. Gil alijivunia sana. Watu wasioelewana hata kama leo kuna mvua walikuwa wameelewana juu ya kicheko chake.

Aliyechoshwa na mchezo huo ni bintiye Meredith, mfamasia. Majuzi mteja alikataa kupokea dawa mkononi mwake, akamwambia arudi kwao. Kwao ni nyuma ya duka hilo hilo.

"Baba, wewe ukishacheka unakwenda zako," alimwambia. "Mimi ndiye wananikuta kaunta."

Gil akamjibu kwamba ule ni uigizaji na kila mtu anajua. Aje Ijumaa ukumbini, aone watu watakavyovunjika mbavu wakimwona mzee wao.

Ijumaa za Kwaresima, ukumbi wa chama cha wafanyakazi hukaanga samaki, na wanaotaka kura hawakosi. Gil alikuwa kwenye mafuta kama kila mwaka, aproni kifuani. Kando yake alisimama Stosh Nowicki, mwenzake wa tanurini na msimamizi wa ndoa yake. Mgombea, Dale Hutchins, alisema mawili matatu juu ya ajira, kisha taa zikazimwa na tangazo lake jipya likaangazwa ukutani. Kengele ikalia. Gil akatokea katika wekundu wake, anacheka.

Akangoja vicheko. Ukumbi ukazomea. Gil akamtafuta Meredith kwa macho, akamkuta ameinamia sahani. Na aliyezomea kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa kando ya Gil mwenyewe, ameshika koleo la samaki.

"Mshenzi huyo," Stosh alisema. "Tazama anavyotucheka."

"Stosh, huyo ni mimi."

Stosh akatazama ukutani, akamtazama Gil, akarudi ukutani. Uso ukamwiva. "Mbona hukuniambia, bwana?"

"Nilidhani unanijua."

Ilimuuma, tena ilimuuma mahali ambapo yule mteja wa Meredith asingefika. Lakini Gil si mtu wa kununa jikoni. Alikwenda mbele na aproni yake yenye mafuta, akaomba tangazo lirudiwe, akasimama kando ya ukuta. Yule wa ukutani alipocheka, naye akacheka, kicheko kile kile. Safari hii hakuna aliyezomea.

"Samaki mliokula ni wa huyu," akasema. "Na leo huyu anastaafu."

Hutchins, mwepesi kama wenzake wote, alimshika mkono, akasema wao wanasema juu ya serikali ya China, wala si watu kama yeye.

"Basi waonyesheni hiyo serikali," Gil alimwambia. "Uso huu una mwenyewe, na mwenyewe ana binti."

Meredith alikuwa ameinua kichwa. Gil akarudi kwenye mafuta, maana Stosh alikuwa amesimama tu na koleo lake, samaki wanaungua.