Mkwe wa Jibini

Tumbo la ndama halina adabu. Unalipindua, unalisugua kwa chumvi na ndimu, unalisuuza mpaka pipa linakauka, na bado linakurudishia harufu ya matapishi ya mtoto mchanga. Nililisafisha kwa mikono yangu mwenyewe, Jumamosi moja hapa kwetu Lushebere, kwa sababu barabara ya Goma ilikuwa imefungwa tena, na ule unga wa kugandishia maziwa ulikuwa umekwisha madukani. Zamani watu walitumia tumbo la ndama ambaye hajaanza kula majani. Basi nikatumia tumbo. Nilitapika nyuma ya zizi, nikarudi nikaendelea.

Hakuna aliyenituma. Kazi yangu ni kuandika programu za simu. Kampuni moja ya Goma hunipa kazi, nami naifanyia nyumbani, kwa umeme wa jua na mtandao unaokuja na kuondoka upendavyo. Naipenda, ila haishikiki. Unaweza kushinda kutwa ukitafuta alama moja iliyokosewa, na jioni huna hata vumbi kwenye vidole. Ndiyo maana kila Jumamosi nilitengeneza jibini, fromaji kama tunavyoiita sisi, kwa maziwa ya ng'ombe wa baba. Nilipenda kuzamisha mikono kwenye maziwa yaliyoganda, yakiwa bado vuguvugu. Sikuuza hata kipande. Nilikula, nikagawia majirani, likaisha.

Tumbo lile nililitundika kwenye waya juu ya meza yangu ya kazi, maana nje mvua na paka walikuwa wanaligombania. Lilikuwa bado linadondosha nilipobishiwa hodi. Alikuwa baba wa msichana niliyetaka kumwoa, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la makayabo, wale samaki wa chumvi wenye harufu kali, na sabuni na vitenge, pale Masisi. Mimi na binti yake tulikwisha kupatana. Lilibaki neno lake tu, na bila neno hilo nisingempata.

Alifunika pua kwa leso. Nzi alikuwa anatembea kwenye skrini ya kompyuta, juu ya mistari ya programu yangu. Nikamfukuza, akarudi palepale. Nilijichukia, nikamchukia na nzi.

"Kazi yako iko wapi?" akauliza.

"Njo hii, papa," nikasema, nikimwonyesha skrini.

Akainama, akatazama. "Hii iko maandishi. Miye nauliza kazi."

Nikafungua programu nimwonyeshe jinsi tajiri anavyoweza kuona lori lake limefika wapi. Mtandao ukakatika. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinikera kuliko harufu.

Kisha macho yake yakaenda kwenye rafu. "Na ile?"

"Iko fromaji, papa. Natengenezaka kwa kujifurahisha tu."

"Katia miye kidogo."

Nikakata kipande, nikampa. Alipokwisha kukipokea ndipo nilipomwona funza mweupe akijinyoosha kando ya ganda. Naye alimwona. Akamtoa kwa ukucha, akamtupa chini, akatia kipande mdomoni. Mimi ndiye niliyemeza mate machungu. Alitafuna polepole, macho juu, mpaka nikatamani ateme tuachane.

"Kumbe unajua kuozesha maziwa," akasema. "Basi na miye nitakuozesha mutoto."

Akacheka peke yake mpaka akajifuta machozi kwa ile leso. Halafu akaweka sharti: "Ila uniletee hii ku duka, kila juma. Mutoto wangu ataolewa na muntu wa kutengeneza kitu, haiko muntu wa kufinya-finya mashini."

"Ndiyo, papa," nikasema, hata hajafunga mdomo. Siku ile ningekubali hata kuchuna nguruwe.

Sasa nina mke, na Jumamosi sina tena. Wateja wa duka waliongezeka, kwa hiyo kila asubuhi ni sufuria, vitambaa vyenye utelezi, maji ya maziwa yaliyochacha yakichuruzika uani, na nzi ambao nahisi wananijua kwa sura. Wateja wanabonyeza jibini kwa vidole ambavyo sitaki kujua vilitoka wapi. Mikono imepasuka kwa chumvi. Vitufe vya kompyuta yangu vinanata. Programu ninaziandika kwa kuiba muda, na hapo ndipo ninapojikuta natabasamu kama mjinga. Jibini silitii tena mdomoni. Nikimwona mtu analila, nageukia ukuta.

Mke wangu alifua nguo zake mbali na zangu, nami sikuuliza. Juzi, nikiwa nasugua ndoo, nilianza kumlalamikia baba yake, kwamba amenigeuza mtumwa wa maziwa. Nikaongeza kwamba niliyakubali yote hayo kwa ajili yake yeye.

Alikuwa amejiziba pua kwa pembe ya kitenge. Akaniambia kwamba alikua katikati ya makayabo, na shuleni wasichana wenzake walikuwa wanahama benchi akikaa. Alijiapiza kuolewa na mtu wa kazi ya kiti na meza.

"Nilikupenda sababu haukukuwa unanuka kitu," akasema. "Hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekuambia ukatae."

Nikamwambia kwamba kama ningekataa, asingekuwa hapa.

"Miye nilipenda muntu wa mashini," akasema, akiinua ndoo akaimwage. "Huyu wa fromaji, papa njo alimuoa."