Ratemo na Giaboksi ya Mkwewe

Ratemo hakuwa mtu wa kujishusha. Ukimuuliza fundi bora wa magari ni nani kuanzia Mosocho hadi Kebirigo, alikujibu kabla hujamaliza swali, na jibu lilikuwa yeye mwenyewe. La kuudhi zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Alianzia kwenye matrekta ya mashamba ya chai kule Kericho, na uhuru ulipopatikana akarudi nyumbani, akainua mabati manne karibu na soko la mji wa Kisii, akaita hiyo gereji.

Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyemfanya ameze maneno yake. Huyo alikuwa Mzee Obwocha wa Gesima, baba wa mkewe, Kemuma. Abagusii wana chinsoni, ile heshima ya wakwe: hamtaniani, hamkai mkagusana mabega, na hambishani uso kwa uso. Sasa fikiria fundi ambaye nusu ya kazi yake huifanya akiwa chali, miguu nje. Sauti ya mzee ikisikika barabarani, Ratemo alichomoka chini ya gari mbio, akajipangusa na kusimama wima kama mtoto wa shule.

Mwaka wa 1969 mzungu mmoja wa Sotik aliuza shamba, akarudi kwao, na Obwocha akanunua gari lake. Lilikuwa gari la michezo, la kijani, viti viwili, paa la turubai, tena la chini sana hata kuku alilitazama moja kwa moja machoni. Mzee alikuwa mfanyabiashara wa ndizi aliyezoea kukimbiza pikapu. Hili alilikanyaga bila huruma. Haikupita miezi mingi, giaboksi ikaanza kupiga kelele kila akiingiza gia ya pili kwenye miinuko ya Kebirigo.

Akalileta kwa mkwewe, na kopo kubwa la mafuta mkononi.

“Weka haya kote, kwenye giaboksi na kwenye difu,” alisema. “Yaone yalivyo mazito. Gari la mbio linataka kitu kizito tumboni.”

Usimcheke. Gesima nzima ilipima nguvu hivyo hivyo. Uji mwepesi ulikuwa wa mgonjwa, na ugali wa wimbi uliolegea ulikuwa aibu ya mpishi.

“Ndiyo, mzee,” Ratemo akaitika.

Lakini moyoni alikuwa anabisha kwa sauti kubwa. Yale yalikuwa mafuta ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma inayozungusha magurudumu, nayo yalikuwa na dawa kali inayonuka kama kiberiti kilichowashwa. Meno ya difu husuguana kwa nguvu mno, na bila dawa ile yangekwisha. Ndani ya giaboksi, hata hivyo, mlikuwa na ringi za shaba zinazolainisha gia kuingia, na dawa ile ile huila shaba polepole. Tena asubuhi za baridi mafuta mazito hayaziachii ringi zishike. Giaboksi ya gari lile ilitaka mafuta mepesi, ya injini. Akitii, siku moja gia ingemkatalia mzee kwenye mteremko. Akikataa, amembishia baba mkwe hadharani, na Kemuma angelisikia jambo hilo kwao maisha yake yote. Ratemo aliogopa, na hakuwa na mazoea ya kuogopa.

Mzee alivuka barabara kwenda kunywa chai. Ratemo akaingia chini ya gari, akafungua giaboksi. Mafuta yaliyotoka yalimetameta vumbi la shaba, akasikitika kama aliyeona ng'ombe amepigwa bila sababu. Akajaza ya injini hadi ukingo wa tundu, basi. Kwenye difu akaweka yale mazito ya mzee, nayo hadi ukingo tu, maana yakizidi hutoka povu na kupenya hadi kwenye breki. Kopo lenye mabaki akalisukuma nyuma ya magurudumu mabovu.

Kemuma alikuwa amemletea chakula, akayaona yote.

“Baba Mogire,” alimwita kwa jina la mtoto wao, “umemdanganya Tata?” Kwa Kigusii, Tata ni baba.

“Nimemtii kwenye difu.”

Mzee akarudi. Akalizunguka gari, akaingia, akakigonga kwa mkono kiti cha pili, kile ambacho mkwe asingeweza kukalia hata kwa fimbo.

“Kemuma, panda. Twende Kebirigo turudi.”

Wakaondoka na vumbi lao. Kuhusu mafuta, Ratemo hakuwa na wasiwasi hata chembe. Uongo ndio uliomsumbua. Waliporejea aliwasikia toka mbali wakipanda, gia zikiingia moja baada ya nyingine bila mlio. Obwocha akashuka anacheka, akamshukuru kwa kazi nzuri. Hapo Ratemo akashindwa. Angeweza kuubeba uongo wake, lakini mzee aende akilisifu lile kopo zito kwa kazi ya mikono yake yeye Ratemo? Hapana!

Akaugeukia ukuta. “Kemuma, mwambie mzee kwamba kwenye giaboksi sikuweka mafuta yake.”

Mzee alikuwa amesimama karibu kabisa. Naye akamgeukia bintiye.

“Mwambie mumeo nililiona kopo nyuma ya magurudumu kabla sijawasha gari. Nikalisukuma kwa mguu, bado lilikuwa zito.”

“Na ukanipandisha hivyo hivyo?” Kemuma akauliza.

“Ningekupandisha kama simwamini? Gari hili haliguswi na mwingine.”

Na halikuguswa, mpaka alipoliuza mwaka wa sabini na saba. Lakini siku ile Kemuma hakuridhika.

“Sasa Tata, mbona ulinyamaza?”

Obwocha akamshangaa, kana kwamba hakumlea yeye.

“Ningesemaje?” akanong'ona. “Si ni mkwe wangu?”