Rajni na Jimbo la Georgia

Mwaka 1974 Rajni alikuwa na miaka sita tangu ahame Kisumu, na alishona mapazia katika kiwanda kimoja cha Digbeth, mjini Birmingham, Uingereza. Kiswahili alikimwaga bila breki. Kiingereza ndicho kilichomkwama kooni, kwa hiyo kila Jumanne jioni alihudhuria darasa la watu wazima.

Ili kupata cheti, kila mwanafunzi alitakiwa kusimama na kuzungumza dakika kumi. Mada zilichanganywa ndani ya kofia. Rajni akachomoa karatasi, akasoma, akashtuka. "Georgia: tangu ukoloni hadi leo."

Msimamizi wake kiwandani aliitwa Georgia.

"Nitaanzaje kusema habari za yule mama?" alimuuliza Edah, muuguzi kutoka Maseno aliyepanga chumba cha juu katika nyumba ya akina Rajni, mtaa wa Bordesley Green.

Edah alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Dada Rajni, Georgia ni jimbo! Liko Marekani, kule kusini."

Kwa wiki tatu Rajni alisoma vitabu vya maktaba, kamusi mkononi, na kila alichokisoma alimsimulia Edah huku akisukuma chapati.

"Waingereza walifika 1733, wakapiga marufuku pombe kali, wakapiga marufuku utumwa, wakafuga viwavi wa hariri. Hariri haikulipa. Pombe ikarudi, na watumwa wakaletwa!"

Siku nyingine alisimulia jinsi Wacherokee, wenyeji wa nchi ile, walivyotolewa majumbani kwa bunduki, wakafia njiani kwa maelfu. Hapo alikumbuka asubuhi waliyofunga duka la baba yake Kisumu, Wahindi wasio raia waliponyimwa leseni za biashara. Chapati ikaungua.

Jumanne yake ilifika. Rajni akasimama mbele ya darasa, akawaamkia, na Kiingereza chote kikatoroka. Akamtafuta Edah, aliyekuja kumsikiliza na kukaa nyuma na sare yake ya kazi.

"Edah, kimeisha! Nisaidie!"

"Sema kwa Kiswahili, dada. Mimi nitatafsiri."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Rajni akaanza kusimulia mbiombio: pamba, vita vya kaskazini na kusini, mji wa Atlanta kuchomwa moto, milango ya weupe na milango ya weusi. Edah alimfuata nyuma akitafsiri na kuhema, darasa zima likicheka naye. Kisha Rajni akafika Januari ya mwaka huohuo wa 1974, mtu mweusi wa kwanza alipoapishwa kuwa meya wa Atlanta. Akapiga meza, akasahau kumsubiri mkalimani, akapaza sauti kwa Kiingereza:

"Wajukuu wa watumwa! Leo wanachagua meya wao!"

Mjamaika mmoja wa kiwanda cha chuma akapanda juu ya kiti kushangilia. Rajni hakushikika tena. Aliendelea kwa Kiingereza robo saa nzima, makosa na yote, hata mwalimu akashindwa kumzuia. Cheti akapewa.

Kwenye basi la kurudi bado alikuwa akimweleza kwa Kiingereza dereva, Kalasinga mwenye kilemba cha buluu, habari za viwavi.

"Mama, nimeelewa yote," dereva akamjibu kwa Kiswahili safi cha Nakuru. "Sasa kaa, niendeshe!"

Rajni na Edah wakaangukiana kwa kicheko.