Alama Kumi za Sauti Wasiyoisikia

Saa moja na nusu asubuhi, mwalimu wa Kiingereza anapiga meza kwa ngumi: pigo dogo, kubwa, dogo. Wanafunzi saba wameibandikia viganja, macho kwenye midomo yake. Neno ni "bad-tempered", yaani mwenye hasira: silabi tatu, mkazo kwenye ya pili.

Hakuna anayeisikia sauti yake. Wote ni viziwi.

"Nafundisha ninachotakiwa," anasema, akisugua vifundo vilivyovimba. "Lakini huu si ufundishaji. Ni uonevu."

Ana miaka kumi na tisa darasani. Kwa ishara, wanafunzi humwita Ngumi. Kila mwaka mtihani wa taifa una sehemu ya matamshi: vivumishi ambatani kumi, mtahiniwa avigawe silabi na aonyeshe mkazo ulipo. Ni alama kumi. Mitetemo ya meza huwasaidia kukariri. Neno ambalo halikupigwa mezani wanalibahatisha.

Mwaka jana binti wa fundi cherehani alipata sifuri hapo. Alikosa kufaulu kwa alama tatu, na nafasi yake katika chuo cha maabara ikaenda kwa mwingine. Sasa anarudia darasa.

Ngumi alikwenda ofisi ya mitihani kuomba swali jingine badala ya hilo.

"Mwalimu, sheria ni msumeno," afisa alimwambia.

"Msumeno hukata mbele na nyuma, bwana. Asiyeona mmemwondolea swali la ramani. Huyu wangu kawakosea nini?"

"Tukianza hivyo, kesho kila mtoto atajifanya kiziwi."

"Basi jaribuni nyie kwanza, hata wiki moja tu."

Akisimulia haya, anaipiga meza tena. Binti anaashiria jambo, darasa zima linaangua kicheko.

"Anasema nipunguze hasira, meza itafeli kabla yao," Ngumi anatafsiri. Yeye hacheki.

Jumatano atasikilizwa na kamati ya rufaa. Ameshajipanga.

"Nitawapa karatasi ya maneno kumi ya lugha wasiyoijua. Wao ndani, dirisha la kioo limefungwa. Mimi nje, nasoma. Waweke mkazo. Atakayepata hata matano, nitafunga mdomo."

Binti atafuatana naye. Akiulizwa anataka kamati isikie nini, anaashiria polepole, na mwalimu anatamka neno kwa neno:

"Sitaki alama za bure. Nipeni swali ambalo nikilikosa, kosa liwe langu."