Saa ya Opala

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na saa sita za ukutani zilinitii. Mwajiri wetu alinunua kahawa katika vituo sita, kuanzia Opala hadi Bafwasende, na kila kituo kilikuwa na saa yake na phonie yake, yaani redio ya kuongelea. Mimi nilikaa Kisangani kwenye mashine kubwa. Kila kituo kilipewa dakika kumi asubuhi, maana betri zilikuwa za kuhurumia. Ukichelewa, umenikosa mpaka kesho. Kwa hiyo kabla ya kuagana nilisema, "Attention… top," na huko msituni mtu akasogeza mshale ufuate wangu. Nilijivuna, sikatai. Aliyechelewa dakika mbili alinikoma.

Opala ilifungua zamu, saa mbili kamili. Mama yangu aliishi huko kwa kaka yangu muuguzi, akiugua moyo, na alikuwa akiletwa kituoni tusalimiane. Kisha opereta wa zamani akahamishwa, saa ikakosa wa kuitia ufunguo, ikasimama. Akaja opereta mpya kutoka Kinshasa, na Opala ikanyamaza.

Siku ya kwanza nilikasirika. Ya pili nilimtukana opereta kimoyomoyo, yeye na ukoo wake. Ya tatu nikaogopa. Kufikia siku ya tano nilishaamini mama amefariki na kaka yangu hana njia ya kuniambia.

Asubuhi hiyo niliita Opala dakika zake zote, bure, nikaendelea na vituo vingine. Saa tatu kamili nilinyoosha mkono kuzima mashine. Nje ya dirisha, redio ndogo ya mlinzi ikatangaza kutoka Kinshasa kwamba ni saa mbili kamili.

Sisi wa Kisangani tumekua tukiongeza moja. Jua letu hutangulia la Kinshasa, kwa hiyo redio ikisema mbili, sisi tunajua ni tatu, hata mtoto hafundishwi. Lakini mgeni ataisikia redio, ataiamini, na saa yake itakuwa nyuma kwa saa nzima. Na kwa kuwa kila siku ananikosa, nani wa kumrekebisha? Nikaurudisha mkono.

"Kisangani, Kisangani, hapa Opala." Sauti ngeni, iliyochoka, ikaniita raia kwa Kifaransa. "Citoyenne, tunakuita siku tano. Mama yako iko hapa."

Mama alifundishwa kumaliza maneno yake kwa "à vous" ili mwenzake ajibu, naye aliliweka kila mahali, hata baada ya kukohoa. "Mutoto wangu," alisema, "siku tano wananibeba kwa kiti. Nikasema labda nilikukosea kitu. À vous."

Nililia na kidole kikiwa kwenye kitufe, akanisikia, na opereta pia akanisikia. Nilipopata sauti nikajitetea kama mtu wa ofisi. "Mama, saa yenu iko nyuma."

"Nyuma ya nani? À vous."

Akanieleza polepole kwamba saa hii mpya inamfaa. Umande umekauka njiani na kifua kimefunguka kidogo. "Zamani mulikuwa munanitoa na baridi," alisema, "lakini nilitaka kukusikia."

Hakuwahi kuninung'unikia hata siku moja. Kazi yangu ilinitaka niirekebishe saa ya Opala palepale. Nilimpenda mama kuliko kazi, nikamwambia opereta asiiguse. Kwenye ubao wa ratiba ya vituo niliitoa Opala mwanzo nikaiweka mwisho, saa tatu. Directeur, mkubwa wetu wa kazi, alipouliza, nilisema betri ya Opala inachelewa kuamka. Uongo mtupu, wala sijuti.

Tuliongea asubuhi kumi na tisa. Aliniuliza habari za pondu, yaani mboga ya majani ya muhogo, na bei ya sabuni, na kama nimepata bwana au bado nagombana na mishale ya saa. Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia.

Asubuhi ya ishirini alikuja kaka yangu kwenye phonie. Alisema mama alilala usingizi, hakuamka.

Baada ya mazishi opereta aliniuliza, kwa adabu, kama sasa airudishe saa yake kwenye ile ya Kisangani. Nilimwambia airudishe. Hakukuwa tena na mtu wa kutolewa kwenye baridi.