Swala Hachechemei Akikimbia

Watu wa nyumbani wakisikia Doha hufikiria maghorofa ya vioo. Mimi nililala Abu Hamour, kwenye chumba cha vitanda vya kupandana, na kila asubuhi gari la kazi lilinichukua nje ya mji kwenda kulisha swala wa tajiri mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Mwenzangu wa kitanda cha juu, Mkenya kama mimi, alilinda mlango wa jengo kule The Pearl. Yeye aliona matajiri kila siku, nami niliona swala. Tuliporudi jioni hatukuwa na nguvu za kusimuliana.

Shamba lilikuwa na ua, lakini lilikuwa kubwa mno hata wanyama wakaishi humo kama porini. Hakuna aliyewashika wala kuwatibu. Aliyevunjika alipona mwenyewe au alikufa, na waliokufa nilipewa mimi niwachune. Hapo ndipo nilipoona mambo. Choroa mmoja, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, pembe yake ilikuwa imepinda ikashuka hadi shavuni, ikachimba kishimo kilichoota sugu pembeni. Mwingine alikuwa na kipande cha waya wa ua kati ya mbavu, na mfupa umekizunguka kana kwamba kilizaliwa naye. Zamani nikiwa askari wa wanyama kwenye ranchi moja Taita, niliwahi kumkuta swala pala mwenye ncha ya mshale ndani ya bega, mfupa umeifunika kabisa, na bado alikuwa amenona. Tangu siku hiyo sichuni mnyama bila kupapasa mifupa yake. Kila mara najiuliza yale maumivu aliyabeba wapi.

Maana mnyama haonyeshi. Akikuona, anakimbia, na akikimbia hofu inamshikia mguu, huoni kitu. Ukitaka kujua nani ana kilema, ukae upande ambao upepo hauwapelekei harufu yako, unyamaze, ungoje wasahau kuwa upo. Wakianza kutembea ndipo utaona. Kazi hiyo inachosha kuliko kubeba nyasi.

Kwa kungoja hivyo nilimjua jike mmoja wa swala aliyevunjika mguu wa nyuma, ukajiunga wenyewe, ukawa mfupi. Ukwato wake ulikuwa umeota mbele kama ndala iliyozidi mguu. Alitembea kama anayechovya mguu majini, hatua baada ya hatua, na kila mwaka alizaa. Nilimpenda, sioni haya kusema.

Nami nilikuwa na goti. Nilianguka kutoka juu ya lori nikishusha marobota ya nyasi, goti likajikunja kwa upande ambao goti halikunjiki. Sikumwambia mtu kazini. Mkataba wangu ulikuwa karibu kuisha, na kwa kazi yetu mwenye mguu mbovu haongezewi, anakatiwa tiketi ya kurudi kwao. Binti yangu alikuwa bado chuoni, na ada yake ilitoka kwenye goti hilo. Basi mbele ya watu nilitembea wima huku meno nimeyauma, na chumbani ndipo nilipochechemea.

Mwenzangu aliona, bila shaka, chumba chenyewe ni hatua mbili.

"Buda, enda hosi," aliniambia. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nikienda wataandika. Wakiandika, naenda home."

Alinishushia mto wake niweke chini ya goti, akalala bila mto.

Kisha ikaja habari kwamba tajiri ana wageni na hataki waone mnyama aliyeharibika. Msimamizi wetu, mudir kama tulivyomwita sote, alikuwa mzee wa Kisudani asiyependa maneno. Alisema atakuja na mpiga bunduki, na kila mwenye kilema ataondolewa. Nilijua nani wa kwanza.

Walipofika, kundi lilikuwa linatoka kivulini taratibu, na yule jike wangu yuko nyuma akichovya. Sikufikiri. Nilichukua ndoo ya bati ya chakula nikaipiga kwa koleo kwa nguvu zote, nikijifanya nawaita kula. Kundi zima likashtuka likatimka, na yeye katikati, anaruka kama wenzake. Mpiga bunduki akatazama mpaka vumbi likatua, akasema wote wazima. Akarudi garini kwenye kiyoyozi.

Nilifurahi, na furaha ikanisahaulisha goti. Nilirudisha ndoo ghalani nikitembea ovyo, kama niko chumbani. Nilipogeuka, mudir alikuwa amesimama palepale, hatazami swala.

"Yule jike nimemwona tangu zamani," akasema kwa sauti ya chini. "Nimechunga mbuzi utoto wangu wote. Ningemwacha hata bila ndoo yako. Anakula, anazaa, wageni hawatafika huku." Akanitazama miguuni. "Wewe mguu una nini?"

Nikasema hauna kitu. Nikasema nimekaa vibaya, umekufa ganzi.

Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kama mimi, mtu ambaye naye ana mkubwa wake wa kumjibu, na karatasi za mikataba yetu zilikuwa mezani kwake zikingoja sahihi.

"Tembea mpaka langoni urudi," akasema. "Polepole."

Lango halikuwa mbali. Nikaanza kutembea nimenyoosha mgongo, naye akinitazama kwa nyuma, na njia nzima nilitamani mtu apige ndoo.