Mbegu Zinazozunguka Mahali Pamoja

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu, mke wangu alikuwa ameshapimwa kila kitu. Alikandwa tumbo na bibi mmoja wa Levolosi, akanywa mizizi aliyoletewa na mama yangu, akalala kwenye vitanda vya hospitali mbili. Mimi hakuna aliyetaka nipimwe. Ni yeye aliyesema siku moja, akiwa anafua nje ya chumba chetu cha Elerai, bila kugeuka: "Na wewe nenda basi. Nimechoka kuvua nguo mbele za watu peke yangu."

Nikaenda. Mimi ni mtu wa aibu. Nesi alinipa kikopo chenye mfuniko, akanionyesha mlango wa choo, nami nikabaki nimesimama.

"Kaka, hakijazwi kwa kukitazama," akasema. Wenzake wakacheka. Kisha akapunguza sauti. "Usijali. Hata wachungaji wanakuja."

Baadaye daktari aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia la saba. Akaanza kueleza, akaona sielewi, akanipeleka maabara niangalie mwenyewe kwenye hadubini. Niliona vitu kama viluwiluwi vya kwenye mfereji. Kimoja kilikuwa na vichwa viwili. Kingine kichwa kimevimba, mkia mfupi umejikunja. Vingi vilikuwa vinazunguka mahali pamoja, haviendi popote. Nilijua ni vyangu, nikaona haya kama niliyekutwa uchi njiani.

"Wingi si mbaya," daktari akasema. "Shida ni umbo. Mbegu ya namna hii ni vigumu kulifikia yai, na hata ikifika ni vigumu kuingia."

Nikamwuliza kama mtoto naye angezaliwa na kichwa kibaya. Hakucheka. Alisema hapana, hayo ni mambo mawili tofauti. Akauliza kazi yangu. Nilikuwa napuliza dawa kwenye mashamba ya maua, Usa River. Alisema huenda ni dawa, huenda ni joto la zile nyumba za plastiki, huenda nilizaliwa hivyo, hawezi kuapa. Mwili hutengeneza mbegu mpya, kwa hiyo nikae mbali na dawa kama miezi mitatu, nirudi.

Niliomba kuhamishwa, nikawekwa kufunga maua pamoja na wanawake. Nilikula karanga, nikala parachichi, nikaacha kuoga maji ya moto. Nikarudi. Majibu yalikuwa yale yale. Daktari akataja kupandikiza mimba, na hospitali zinazofanya hivyo, na nilipokuwa namsikiliza niliona kama anazungumza na mtu mwingine aliyekaa nyuma yangu.

Mke wangu akasema mama aambiwe, aache kuleta mizizi. Tukapanda nyumbani kwetu, upande wa magharibi wa mlima Meru. Nilimwambia mama jikoni, macho yangu yakiwa kwenye moto.

"Wewe?" akasema. "Wewe ulikatwa jandoni asubuhi na baridi ile, wanaume wote wanakutazama, hukupepesa hata jicho. Leo kijana wa koti jeupe anakuambia si mwanaume?"

"Hakusema hivyo, yeyo."

"Kasemaje?"

Katika lugha yetu sijui jina la kile nilichokiona kwenye hadubini. Nikasema mbegu zimepinda. Mama akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyetapeliwa mjini.

Jioni baba mdogo aliniita zizini. Ndiye mkubwa wa boma tangu baba afariki. Niliinamisha kichwa, akaniwekea mkono utosini, tukasimama kuangalia ng'ombe wakiingia.

"Mama yako kaniambia," akasema. "Si jambo la kutangaza. Wewe nenda kazini kwako, ukae huko mpaka mvua zije. Mke abaki hapa apumzike. Nyumba hii ina vijana wa damu yako. Atakayezaliwa ni wako, atakuita baba, na hakuna mdomo utakaouliza."

Alisema kwa upole. Nadhani aliamini ananiokoa. Kwetu kijana hamkatizi mzee, na mzee akimaliza, kijana asipotia neno maana yake amepokea. Nikaendelea kutazama ng'ombe. Baba mdogo akanipiga bega, akaondoka ameridhika.

Tulipolala mke wangu aliuliza, "Mbona mama ananitandikia kitanda kipya? Umeambiwa nini?"

Nikamweleza.

"Ukajibu nini?"

"Sikujibu."

Yeye ni Mmeru, si wa kabila letu, lakini alishakaa kwetu vya kutosha kujua desturi.

"Kwa hiyo umekubali," akasema.

"Sikukubali."

"Ulinyamaza mbele ya mzee. Mimi nimepimwa, nimekandwa, nimenyweshwa machungu, sikukuacha. Leo umesimama umenigawa."

Alfajiri nilikwenda kwa baba mdogo. Nilisema hapana. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Hakukasirika. Aliniuliza kama nimefikiria nitakavyozeeka, nani atanizika, nani atasimama zizini hapa. Nikasema sijui. Akasema, "Basi nenda, baba," kama anayeaga mgonjwa.

Niliporudi nyumbani kwa mama, mke wangu alikuwa ameshaondoka na kibegi chake. Elerai hakufika. Nilimpigia simu siku hiyo na ya pili, haikupokelewa. Jumapili, baada ya ibada, akapokea mama yake.

"Shikamoo mama. Naomba kuongea naye. Nataka kumwambia nilikataa."

"Marahaba, baba. Amelala."

Ilikuwa saa saba mchana. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mke wangu akiuliza ni nani.

"Asante, mama," nikasema. "Akiamka mwambie nilipiga."